Likizo za Idalina, Bawabu wa Namba Kumi na Tatu

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa pamoja kama kawaida ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio. Tulikuwa jikoni kwetu chini, pale nilipojenga pawe gereji. Idalina alichemsha maziwa, akamimina kahawa, akanivunjia mkate wa mahindi ndani ya bakuli, maana meno yangu hayawezi tena ganda gumu.

"Kola yako imekunjika," aliniambia.

"Nani ataiona?"

"Mimi."

Nikaiweka sawa. Tukala. Akauliza kama mbwa wa jirani amerudi. Nikasema amerudi. Akasema, "Afadhali." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Ningejua, ningesema zaidi, ingawa sijui ningesema nini.

Jumanne ilikuwa siku ya kufungua madirisha ya juu. Nyumba yetu ina ghorofa mbili juu ya gereji. Ina vyumba sita, sebule yenye makochi yaliyofunikwa nailoni, na jiko la marumaru ambalo halijawahi kupikiwa hata yai. Hatukuishi huko. Huko ni kwa wageni. Sisi tuliishi chini, na kila Jumanne Idalina alipanda kufungua madirisha ili ukungu usishike kuta. Alifunga vitambaa juu ya viatu asije akaacha alama.

Nilikaa mezani nikisikiliza. Akisukuma mbao za nje za dirisha, zinagonga ukuta. Dirisha la kwanza. La pili. La tatu. La nne sikulisikia.

Nilimkuta sakafuni katika chumba kikubwa cha kulala, kando ya kitanda ambacho hakuna mtu aliyewahi kukilalia. Macho yalikuwa wazi. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Gari la wagonjwa lilikuja kutoka Chaves kwa dakika arobaini. Aliishi siku tisa zaidi.

Idalina Pires alizaliwa katika kijiji hiki hiki cha Ureno, Vale de Urze, nyumba ya tatu kutoka chemchemi. Mimi nilikuwa nimeshatangulia Ufaransa, fundi mwashi, nalala na wanaume wengine wanane katika kibanda cha mbao na mabati nje ya Paris. Nilirudi nyumbani, tukafunga ndoa Jumamosi, Alhamisi nikaondoka. Alinifuata mwaka 1970 kwa treni, na sanduku moja na paja la nguruwe lililokaushwa, limezungushiwa gazeti.

Hatukuwa na pa kulala. Otília, mwanamke wa kwetu aliyekuwa bawabu katika jengo namba kumi na tisa, alitwambia kwamba namba kumi na tatu wanatafuta bawabu. Kazi ya bawabu inakuja na chumba. Ndiyo maana wanawake wetu wengi waliichukua. Tuliuliza kuhusu chumba tu. Hatukuuliza swali la pili.

Chumba kilikuwa hatua nne kwa tatu, pembeni ya lango la barabarani. Mlango wake ulikuwa wa kioo, na kioo kilikuwa na pazia. Mtu akigonga, Idalina anafungua. Awe anakula, awe ana homa, anafungua. Siku ya kumzaa binti yetu Célia alikuwa ameshika ukingo wa meza, uchungu umemkaba, bwana wa ghorofa ya tano akagonga anataka barua zake. Idalina akampa barua zake. Kisha akanigeukia: "Sasa kaite teksi."

Kazi yenyewe ilikuwa barua, ngazi za ghorofa sita kupigwa nta, shaba za lango kung'arishwa, na mapipa ya takataka. Mapipa yanapelekwa barabarani jioni, yanarudi uani asubuhi kabla ya saa moja. Mapumziko alikuwa nayo, siku ya Jumapili. Lakini Jumapili jioni mapipa lazima yatoke, maana gari la taka linapita Jumatatu alfajiri. Kwa hiyo aliweza kwenda kwenye misa ya kwetu, aliweza kwenda kula kwa Otília, lakini ikikaribia saa kumi jioni unamwona anatafuta koti lake kwa macho. Akitaka kulala nje, lazima apate mtu wa kushika nafasi yake, na wasimamizi wa jengo wapelekewe jina la mtu huyo kwa maandishi.

Wapangaji waliondoka kila Ijumaa. Mimi natoka kazini na vumbi la saruji kichwani, nawakuta langoni na mabegi, na Idalina amesimama katikati yao, mkono umejaa funguo.

"Madamu Idalina, maua yangu. Yale ya roshani usiyasahau."

"Siyasahau."

"Na paka halali bila redio."

"Nitamwashia. Anapenda habari au muziki?"

"Muziki, muziki. Haya, na wewe wikendi hii unakwenda wapi?"

"Naenda ghorofa ya sita, madamu. Kule kuna hewa."

Wanacheka, wanaondoka. Idalina alikuwa mcheshi, ila uso wake haukucheka, kwa hiyo wengine hawakujua. Anaingia ndani, anatundika funguo kwenye misumari juu ya jiko. Zilikuwa funguo kumi na nane. Jumapili usiku wanarudi wamebabuka pua kwa jua.

Wengine walimtumia kadi za posta. Alizibandika ukutani juu ya kitanda cha kukunja cha Célia. Binti yetu alijifunza kusoma kwa hizo kadi, mstari kwa mstari, kabla hajaanza shule. Ziwa fulani, mlima fulani, pwani fulani. Idalina alijua majina yote ya mahali asipofika.

Sisi likizo yetu ilikuwa mwezi wa nane. Hiyo naijua vizuri, maana mimi ndiye niliyeipanga, miaka yote.

Tunapakia gari mpaka linakaa chini. Kahawa za ndugu, chokoleti, nguo zilizotupwa na wapangaji zikiwa bado nzuri, vigae, mabomba, masinki. Mwaka mmoja Idalina alisafiri na sinki la kunawia mapajani kutoka Paris hadi kijijini. Ni siku mbili njiani. Hotelini hatukulala hata mara moja. Tulilala ndani ya gari kando ya barabara, saa tatu au nne, halafu tunaendelea. Siku za likizo zinahesabika, na zege halijimwagi lenyewe.

Kuna mahali, ukishaingia Hispania, barabara inapita juu ya bahari. Kila mwaka tulipita pale asubuhi.

"Firmino, simama kidogo."

"Tukisimama, malori yote yatatupita."

"Dakika tano."

"Wakati wa kurudi."

Wakati wa kurudi tulipita pale gizani. Aligeuza shingo kuangalia hata hivyo.

Kijijini, mimi na kaka zangu tunajenga, na yeye anatupikia. Watu wanane, milo mitatu, supu ya kabichi, viazi, samaki mkavu wa chumvi aliyelowekwa tangu juzi. Alasiri anafua nguo zetu za saruji. Jioni anavaa vizuri anapeleka kahawa kwa shangazi zangu, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa umri, maana ukikosea mpangilio hutasamehewa mpaka mwaka kesho. Dada yangu Zulmira alikuwa anamsubiri kizingitini.

"Hee, Mfaransa ameingia! Wifi, umenenepa mikono."

"Ni ngazi, Zulmira. Zinanenepesha mikono."

"Ule mnara wao wa Paris, mbona hutusimulii? Umeupanda mara ngapi?"

"Kila wiki. Mimi ndiye ninayeupiga nta."

"Mwone! Na bado unajidai huna muda wa kutuandikia."

Nyumba ilipanda ghorofa kwa ghorofa. Watu wetu wote tulijenga hivyo. Unajenga kubwa kuliko ya jirani, halafu unakaa gereji, kwa sababu kukaa juu ni kuchafua. Hakuna aliyeona ajabu. Mwaka 1986 chumba kikubwa cha kulala kilikamilika, kitanda kikaletwa kutoka Porto. Usiku wa kwanza Idalina alibeba mto wake na mswaki akapanda ngazi. Nilikuwa chini nazungumza na kaka zangu. Nikamwita.

"Unakwenda wapi?"

"Kulala."

"Rangi haijakauka."

Ilikuwa imekauka. Alijua, maana alikuwa amepaka mwenyewe nusu ya ukuta ule. Alisimama kwenye ngazi na mto wake, kaka zangu wanatazama. Kisha akashuka.

Sasa nije kwa Madamu Vasseur. Alikuwa mpangaji wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu, hana mume wala mtoto. Alikuwa na nyumba ndogo huko Dieppe, kando ya bahari, upande wa kaskazini, saa mbili na nusu kwa treni. Mwaka 1982, wiki chache kabla ya Pentekoste, aligonga kioo.

"Madamu Idalina, Pentekoste tuna siku tatu, Jumatatu ni sikukuu. Mimi nakwenda kwa dada yangu. Nyumba ya Dieppe iko tupu. Chukua ufunguo, nenda na mumeo."

"Na mapipa, madamu?"

"Nitaahirisha safari, nitayatoa mimi."

Idalina akamtazama toka juu mpaka chini. "Madamu, pipa moja likijaa lina uzito kukushinda wewe na kabati lako."

"Basi tafuta mtu. Ufunguo nauacha."

Ukatundikwa msumari wa kumi na tisa. Jioni, Célia amelala, Idalina akakaa mbele yangu. Mikono ilikuwa bado inanuka nta.

"Firmino, nataka siku mbili."

"Siku mbili za nini?"

"Za kukaa. Mahali ambapo hakuna mtu anayenijua. Nisifue, nisifungue mlango, nisipige deki. Siku mbili tu, halafu nitarudi."

"Jumamosi na Jumapili nina kibarua cha ujenzi kwa Abílio."

"Kila Jumamosi una kibarua kwa Abílio."

"Vigae vya bafu la juu kule kijijini vitajilipa?"

Alifuta mikono kwa aproni. Baadaye akasema, "Basi Pentekoste ya mwaka kesho."

"Mwaka kesho," nikasema.

Mwaka uliofuata ilikuwa paa. Uliofuata tena, mama yangu aliugua. Halafu Abílio tena, miaka mitano. Kila Pentekoste Madamu Vasseur aligonga kioo, na kila mara Idalina alinijia na maneno yale yale, siku mbili, na mimi nikamjibu yale yale. Sikumkatalia hata mara moja. Ningemkatalia, labda angekwenda.

Mwaka 1990 hakuniuliza. Alimwendea Otília. Otília alikuwa na binti Lyon ambaye amejifungua, na yeye pia alikuwa amefungwa na mapipa yake. Wakapatana. Jumapili sita mfululizo Idalina alitoa mapipa ya majengo mawili, la kumi na tatu na la kumi na tisa, huku Otília yuko Lyon ameshika mjukuu. Nilimwona akivuka barabara akikokota yale mapipa ya watu wengine. Nikadhani ni urafiki wao tu wa kusaidiana. Kisha Jumatano moja akaweka mbele yangu tiketi mbili.

"Jumamosi, treni ya saa mbili asubuhi. Célia anakwenda kwa rafiki yake. Otília atalala hapa, wasimamizi wameshapelekewa jina lake. Ukija, vizuri. Usipokuja, Otília atapata bei ya tiketi yako, na mimi nitakaa viti viwili."

"Na Abílio?"

"Abílio mpe salamu."

Nilikwenda. Lakini nilikwenda kwa namna yangu. Niseme wazi, maana hapa ndipo nilipokosea.

Sisi hatulali bure nyumbani kwa mtu. Kwa ndugu ni sawa, lakini si kwa mpangaji. Mpangaji akikupa nyumba yake, kesho atakuangalia kwa jicho lingine, hata akiwa mtu mwema. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo tulivyowaza wote, wanaume wa Vale de Urze, kila tulikokwenda. Na Madamu Vasseur aliwahi kusema kwa bahati mbaya kwamba bafuni kwake Dieppe kuna vigae vinne vinacheza. Nikaweka nyundo, patasi na mwiko chini ya begi, nikavifunika kwa mashati.

Kituoni Idalina alijaribu kulinyanyua.

"Mbona begi lako zito hivi?"

"Viatu."

Kwenye treni alikaa dirishani. Alivaa gauni jipya la bluu lenye kola nyeupe. Mikono ilikuwa mapajani, haifanyi kitu, na nikagundua sijawahi kuiona hivyo.

"Nikwambie kitu?" akasema kwa sauti ya chini. "Sikubeba aproni."

Alisema kama mtoto aliyetoroka shule.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya nne, ngazi za mbao, hakuna lifti. Idalina alifungua dirisha la sebuleni. Katikati ya mapaa mawili bahari ilionekana, kipande cha upana wa mlango. Akavuta kiti, akakaa, akavua viatu.  Upepo ulikuwa unachezea pazia na hakulishika.

Mimi nikaingia bafuni. Vigae vinne, nikajisemea, nusu saa, hata hatajua. Nikapiga nyundo mara moja. Safu nzima ikaanguka. Nyuma yake lipu ilikuwa imeoza, laini kama mkate uliolowa, na ndani bomba lilikuwa linavuja, pengine miaka. Kwa kugonga kwangu likavuja zaidi.

"Firmino, ni nini hiyo?"

"Si kitu. Vigae vinne."

Nilisikia miguu yake mitupu inakuja. Akasimama mlangoni. Akatazama ukuta, akatazama mwiko, akatazama begi langu lililofunguka.

"Hivyo ndivyo viatu?"

"Hatuwezi kulala bure kwa mtu, Idalina. Atatuonaje?"

"Atatuona wageni. Alisema karibu. Miaka minane anasema karibu."

"Nitamaliza leo leo."

"Hutamaliza leo."

Yeye alikuwa ameshaishi na fundi miaka ishirini. Aliujua ukuta uliooza akiuona. Na maji yalikuwa yanaanza kupita sakafuni kwenda kwa watu wa chini. Angeweza kuvaa viatu vyake akaondoka, aniache na maji yangu. Nimefikiri hilo mara nyingi. Akachukua shati langu la kazi, akalivaa juu ya gauni la bluu, akauliza ndoo iko wapi.

Nikawahi duka la vifaa kabla halijafunga, nikapata saruji na mchanga. Yeye alishusha kifusi, ghorofa nne, karai kwa karai. Tulifanya kazi mpaka taa zikawashwa barabarani. Tulikula mkate na soseji tumekaa juu ya ukingo wa bafu. Jumapili tulianza tena asubuhi.

Vumbi letu lilikuwa limeacha alama nyeupe ngazini kutoka ghorofa ya nne mpaka chini. Idalina hakuweza kupita juu ya ngazi chafu. Nilipokuwa nashuka na karai la mwisho, nilimkuta amepiga magoti ghorofa ya pili na tambara, anapiga deki kona ya ngazi. Mlango ukafunguka, mwanamke mzee mwenye vikunjio vya nywele kichwani akachungulia.

"Ah, hatimaye! Wewe ndiye bawabu mpya?"

Mimi nilikuwa ngazi tano juu yao. Nilisubiri Idalina aseme hapana. Kila kitu alichofanya tangu mwaka ule wa kwanza wa ufunguo kilikuwa kwa ajili ya kulisema neno hilo.

"Ndiyo, madamu," akasema.

"Yule wa kwanza kona hizi hakuzijua kabisa. Wewe Mreno, eh?"

"Ndiyo, madamu."

"Nilijua tu. Wareno mna mikono. Sasa sikiliza, mwanangu anakuja saa sita na hana ufunguo wa chini. Utamfungulia?"

"Nitamfungulia."

Mlango ukafungwa. Nikashuka.

"Kwa nini hukumwambia wewe ni mgeni hapa?"

"Niko magotini, nimeshika tambara, Firmino. Angeniamini?"

Saa sita Idalina alikuwa langoni. Nilimwona kutoka juu, dirishani, kwenye kile kiti chake. Nilikuwa nimekaa kupumzisha mgongo. Alisimama pembeni ya lango la watu asiowajua katika mji asioujua, mikono mbele, anamsubiri mtoto wa mtu. Nyuma yake, mwisho wa barabara, bahari ilikuwa inaonekana, na watu wanashuka kwenda huko na taulo mabegani. Yule mtoto alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini. Idalina alimfungulia. Yule bwana akamwuliza kama kuna barua. Idalina akamwambia Jumapili hakuna barua.

Jumatatu saa nne asubuhi niliziba mstari wa mwisho. Ilikuwa kazi safi, sitaisema vibaya. Tulikuwa na treni saa nane. Tulishuka mpaka ufukweni na mabegi yetu. Ufukwe wa pale ni mawe matupu, haukaliki vizuri. Idalina alisimama kwenye ukingo wa barabara.

"Shuka uguse maji," nikamwambia. "Mimi nitashika mabegi."

"Naiona hapa hapa."

"Si ndiyo uliyoijia?"

"Sikuja kwa ajili ya maji," akasema. Kisha akauliza ni saa ngapi, kwa sababu Otília alitakiwa awe kwake kabla ya jioni.

Madamu Vasseur alipouona ukuta ule alilia kwa furaha. Aliwaambia jengo zima. Bwana wa ghorofa ya tano alikuwa na nyumba shambani, ina bomba la moshi lililopasuka. Wale wa ghorofa ya pili walikuwa na banda milimani. Wote wakagundua kwamba bawabu wao anastahili kupumzika kidogo, na mumewe ni fundi. Kila ufunguo uliokuja baada ya hapo ulikuja na kazi. Mimi nilifurahi, nikaona tunaheshimiwa. Idalina aliupokea kila mmoja, akaurudisha bila kuutundika. Pentekoste iliyofuata Madamu Vasseur mwenyewe aligonga.

"Dieppe mwaka huu?"

"Ahsante sana, madamu. Mume wangu ana kibarua."

Sikuwa na kibarua. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia, nasikia. Hakuniomba siku mbili tena.

Tulistaafu mwaka 2006, tukarudi kijijini moja kwa moja. Nilidhani sasa ndiyo mapumziko. Aliendelea kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, asubuhi zote, akiwa hana pipa la kutoa. Na mlango wa jikoni kwetu chini nilikuwa nimeuweka mwenyewe, miaka ya nyuma, karibu na geti, wa kioo, ili mwanga uingie. Mtu wa posta akikosa watu nyumbani kwao, anagonga kwetu, anaacha mizigo ya kijiji kizima. Zulmira akitaka chumvi, anagonga. Ndugu walioko Ufaransa na Uswisi, nyumba zao zimefungwa miezi kumi na moja, walimwachia Idalina funguo awafungulie madirisha. Alizitundika juu ya jiko.

Célia alimpigia simu kila mwaka. "Mama, njoo kwangu Toulouse, wiki moja tu." Idalina anamwambia, "Na madirisha?" Mimi niko pale pale mezani. Ningeweza kusema, nenda, madirisha nitafungua mimi. Ni madirisha tu. Sikusema. Nilimzoea akiwa pale.

Hospitalini Chaves walimpa kitanda ghorofa ya tatu, kando ya dirisha. Ulionekana mto na daraja na mlima wenye theluji kidogo juu. Siku tatu za kwanza hakusema. Siku ya nne maneno yalianza kurudi, polepole, yanapitia upande mmoja wa mdomo. Siku ya tano alinitambua vizuri na kuniuliza kama nimekula.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamshika mkono ule unaosikia.

"Idalina, ukitoka hapa tunakwenda. Popote. Siku mbili, siku kumi. Sibebi nyundo."

Macho yake yalikwenda dirishani.

Muuguzi akaja na sinia. Supu, samaki, tufaha lililopikwa. Akamnyanyulia kitanda, akamfunga kitambaa shingoni, akamlisha kijiko kwa kijiko bila haraka. Mtu akagonga mlango. Mguu wa Idalina, ule mzima, ukatoka chini ya shuka ukatafuta sakafu.

"Tulia, mama," muuguzi akasema. "Kufungua ni kazi yangu."

Idalina akaurudisha mguu wake chini ya shuka. Mara ya pili mtu alipogonga, mguu haukutoka. Mara ya tatu hata hakugeuza kichwa. Alikuwa anatazama mto. Usiku alilala mpaka saa mbili asubuhi, muuguzi ndiye aliyeniambia. Alibadilishiwa shuka. Alichanwa nywele na msichana aliyeimba huku anachana. Nilikaa kwenye kiti nikatazama yote hayo akifanyiwa, na nilifurahi, na nilitamani kutoka nje.

Siku ya saba daktari alipita. Akamwambia anyanyue mkono, akanyanyua. Akamwambia akaze vidole, akakaza. Daktari akasema hali inatia moyo, huenda Jumatatu akaruhusiwa kwenda nyumbani, nami nikaanza kumshukuru kwa sauti kubwa. Alipoondoka, Idalina alinivuta mkono wa koti mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake. Alisema taratibu, neno moja moja, na niliyasikia yote:

"Hapa pazuri, Firmino. Usiwaambie nimepata nafuu."